Panya Sita Kichwani

Jumatano. Manyunyu tangu asubuhi, Songea yote imejikunyata.

Juzi daktari kaangalia picha ya ubongo wangu, kasema hajawahi kuona ubongo safi namna hii kwa mzee wa umri wangu.

Uongo. Hakusema hivyo.

Aliweka picha mbili pamoja: moja ya kabla hawajanipasua moyo, nyingine ya juzi. Ya kwanza safi. Ya juzi ina vidoa vyeupe, vidogo kama chenga za mchele. Akasema mashine ilipokuwa inasukuma damu badala ya moyo, huenda vipande vidogo vya damu iliyoganda vilichomoka vikapanda kichwani, vikaziba mishipa midogo. Wengine haviwasumbui kabisa, akasema. Mimi niliyeishia darasa la nne nikatikisa kichwa kama profesa. Sikuvihesabu.

Nilivihesabu. Sita.

Nikarudi nyumbani najiambia vidoa ni vidoa tu. Jana akaja Kalinga, mtani wangu Mhehe. Tunatukanana tangu tukiwa na meno yote: yeye hunisema Mngoni mla panya, mimi humsema Mhehe mla mbwa. Kabla hajakaa: "Wewe Mngoni! Wamekufungua kifua wakakuta panya wangapi?"

Swali la panya nina jibu lake, moja, la miaka yote. Linahusu mbwa na mama mkwe wa Kalinga. Watu hulia kwa kucheka. Nikafungua mdomo.

Hakuna kitu.

Mbwa yupo, mama mkwe yupo, jibu halipo. Kalinga akasubiri, kicheko kiko tayari usoni. Kikakauka. Akavua kofia. "Pole, mzee wangu," akasema taratibu, kama anayeongea na mgonjwa mahututi.

Hajawahi kuniita mzee wangu. Hata siku moja.

Tangu jana nalitafuta. Nanawa uso, nalitafuta. Nakunywa uji, nasikia kama kitu kinatafuna humu ndani, polepole, hakina haraka. Jina la marehemu mke wangu nalitaja kila mara, kukagua tu.

Skolastika. Lipo.

Kalinga, najua unausoma ukurasa huu wa daftari langu kila ukija, hata ukikana. Unakumbuka pombe ya ulanzi ilivyokulaza chini siku ya harusi ya binti yako, nikakubeba mgongoni, nikamwambia mkeo ni malaria? Fadhila ile hujanilipa. Nilipe Jumapili, nikitoka misani: njoo uniulize tena habari za panya. Nikikosa jibu, nitukane mpaka majirani watoke nje.

Ila kofia usivue.