Nilimwambia Tunakwenda Baharini, Nikampeleka kwa Daktari wa Meno

Shangazi Beatrisi, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimechanganyikiwa, nipe shauri kabla sijampoteza mtoto niliyehangaika sana kumpata.

Mimi ni mama wa kambo, nakaa Chumbageni na mume wangu Yasini, mama yake, na binti yetu Zuwena wa miaka mitano, ambaye mama yake mzazi alipelekwa hospitali akiwa mgonjwa na hakurudi, mtoto bado mdogo sana, na nilipoolewa alikuwa hanitazami hata usoni, ananiita Anti Mwamvua, chakula nikimwekea anasubiri baba yake amsogezee, lakini nikavumilia, nikamsuka, nikamfundisha kukuna nazi, mpaka siku moja alianguka uani akakimbia kwangu akilia "Mama!", na Shangazi, nilimbeba huku na mie nalia.

Basi akaanza kutafuna upande mmoja, nikamtazama nikaona jego la chini lina tundu jeusi, akinywa maji ya baridi anashika shavu. Mama mkwe akasema hayo meno ya utoto, yataanguka yenyewe, tena ana mazoea ya kumtisha, "Endelea na peremende zako, daktari aje akung'oe kwa koleo!" Nikaona nikimwambia kweli mtoto hatatoka ndani, ndipo nikamwambia tunakwenda Raskazoni kuogelea, akafurahi mno, akavaa nguo ya kuogelea ndani ya gauni, akachukua ndoo yake ya kuchezea mchanga, njia nzima kwenye bajaji anaimba, na tulipofika mlangoni pa kliniki ya meno akaniuliza, "Mama, bahari iko wapi?" nami nikamjibu iko hapa nyuma, tupite kwanza humu.

Alipoona kile kiti na ile taa alipiga ukelele, nikamshika mikono, muuguzi akamshika miguu, na daktari alipotia kioo mdomoni akamng'ata kidole. Daktari hakukasirika, alisema tu, "Mama, mwache. Huyu hajui hata ameletwa kufanya nini. Mtayarishe, kisha mrudi, lakini msikae sana."

Tangu siku hiyo nimerudi kuwa Anti Mwamvua. Nikisema twende dukani, anamuuliza baba yake kama ni dukani kweli. Nikishika mswaki anafumba mdomo. Na jino linamuuma, juzi alilia mpaka akakataa uji. Yasini anasema atambeba mwenyewe, alie mpaka achoke, mama mkwe anasema tusubiri, nami sijui nimsikilize nani, au nitafute njia nyingine nzuri zaidi ya kumdanganya, maana jino halina budi kutibiwa. Nisaidie.

Mwamvua, Tanga

*

Marahaba, Mwamvua mwanangu. Pole, halafu nikugombeze kidogo.

Njia nzuri zaidi ya kumdanganya haipo, usiitafute. Zuwena hakumng'ata daktari kwa utovu wa adabu. Ametoka nyumbani anaimba, kajikuta amelazwa chini ya taa, na anayembana mikono ni yule yule aliyekubali kumwita mama. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

La haraka kwanza. Shavu likivimba au akipata homa, acha haya ninayoyaandika umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kama hakuna uvimbe, mna siku chache za kulifanya jambo hili vizuri, si miezi. Mama mkwe wako hajakosea kwamba jino litaanguka, lakini jego la nyuma linaweza kukaa mpaka mtoto avuke miaka kumi, na uozo hausubiri. Hilo Yasini ndiye amweleze, ni mama yake, tena amwombe kwa heshima aache kumtisha mtoto. Naye Yasini asahau habari ya kumbeba kwa nguvu. Mtoto akibanwa leo, mtambana kila mwaka.

Leo hii mwombe radhi. Keti chini mtazamane, umwambie: "Nilisema tunakwenda baharini, haikuwa kweli. Nilikosea." Usiongeze "lakini". Usimdai akusamehe.

Kisha mwambie kwamba mtarudi kwa daktari, na sababu yake. Chezeni udaktari mkekani, yeye awe daktari kwanza, amlaze baba yake, ammulike kwa tochi ya simu na kumhesabia meno. Akiuliza kama inauma, usimwambie haiumi, maana hujui. Mwambie huenda ikauma kidogo, na daktari ana dawa ya kupunguza maumivu. Piga simu kliniki, mwombe daktari yule yule, muende asubuhi mtoto akiwa hajachoka, na kubalianeni naye kwamba Zuwena akiinua mkono, daktari anasimama. Peremende za kumhonga sitaki kuzisikia.

Sasa lile lililonifanya nisome barua yako mara ya pili. Umeandika kwamba mama yake alipelekwa hospitali na hakurudi, ukapita mbio. Muulize Yasini mtoto aliambiwa nini siku ile. Nina shaka kama anachoogopa ni koleo.

Uniandikie.

*

Mwamvua ameandika tena, na ameniruhusu niwasomee.

Shangazi, nilimuuliza Yasini kama ulivyosema, akasema, "Tulimwambia mama anakwenda kuchomwa sindano, jioni atarudi. Baadaye tukamwambia amesafiri. Mpaka leo hakuna aliyemwambia vingine."

Nilipomwomba radhi Zuwena, alikuwa anachorachora chini kwa kijiti. Baadaye akauliza, "Nikienda kwa daktari, nitarudi?" Nikamwambia utarudi, mie nitakaa chumba kile kile na tutatoka pamoja. Akauliza tena, "Mama yangu alisafiri kutoka huko?"

Yasini alikuwa mlangoni. Akaingia, akaketi mkekani, akamwambia yote kwa mara ya kwanza, kwamba mama yake aliumwa sana, madaktari walijitahidi, akafariki, wala hakumwacha kwa kupenda. Walilia wote wawili. Mama mkwe alitoka jikoni akakaa nao, akampakata mjukuu wake. Habari za koleo hatujazisikia tena.

Mchezo wa udaktari aliupenda, alimkemea baba yake kwamba hapigi mswaki nyuma. Kliniki tulikwenda sote watatu. Daktari akamwonyesha kidole, "Unaona? Kimepona," naye akakitazama kwa makini kabla ya kupanda kitini. Jino lilikuwa limeoza hadi ndani, likabidi litolewe. Sindano ya ganzi ilipoingia alilia, akainua mkono, daktari akasimama pale pale. Tukangoja. Akafuta machozi, akafungua mdomo mwenyewe.

Ijumaa baada ya swala, Yasini alimpeleka makaburini kumwonyesha mama yake alipozikwa. Walichelewa kurudi. Yasini ameniambia mtoto aliuliza maswali mengi, mengine magumu kwa mtu mzima, na kwamba hakukwepa hata moja.

*

Atauliza tena, Mwamvua, hata akiwa mkubwa, na siku nyingine atakuuliza wewe. Mjibu.