Vyuma Kwenye Pindo

3 Mei

Mwanangu Kifungo,

Salamu nyingi. Vipi afya, vipi kazi ya kufua mashuka ya hoteli? Mimi nipo, ila sauti imekwisha, ndiyo maana simu sipokei. Saratani imetoka kooni ikafika shingoni. Upasuaji nimekataa, kwa hiyo napigwa mionzi siku tano kwa wiki, na dripu ya dawa kila Jumatatu. Wananivika kinyago cha plastiki kilichochukua umbo la uso na shingo, wanakibana mezani nisitikisike. Fundi cherehani miaka arobaini, leo napimwa mimi!

Uji haupiti. Muuguzi kasema nikipungua zaidi nitatiwa mrija wa chakula tumboni. Thubutu! Nimeshona vipande vya chuma kwenye pindo la suruali. Mizani haijashuka hata kidogo, na muuguzi ananisifu.

Baba yako

12 Mei

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisomea kazini, nikalia mbele ya watu. Umefanya nini, baba? Nimeuliza kwenye zahanati ya hapa: dawa ya dripu wanaikadiria kwa uzito. Unapewa dozi ya mtu mnene kuliko wewe! Na kama umekonda, hicho kinyago si kimelegea? Shingo ikicheza, mionzi inaukosa uvimbe. Nakuomba, fumua hilo pindo kesho asubuhi.

Binti yako

21 Mei

Baba, shikamoo.

Siku tisa, kimya. Hata ukinitukana, niandikie.

Kifungo

29 Mei

Mwanangu,

Nisamehe. Barua yako niliikalia siku tatu kwa aibu. Kisha nikaenda na mkasi, nikafumua mbele ya muuguzi. Akavipima vile vyuma: kilo nne. Hakucheka, alimwita daktari. Kinyago kilikuwa kinapitisha vidole viwili shingoni. Wakasimamisha mionzi watengeneze kingine. Dripu nayo wameisitisha, figo zimelemewa. Mrija umo tumboni, wala hauumi kama nilivyodhani.

Nilimwandikia daktari kwenye karatasi: zile wiki mbili za kinyago kilicholegea zimepotea bure? Akaandika chini yake: "Bado hatujui."

Sikufichi tena, naogopa kufa. Kesho naendelea na mionzi kwa kinyago kipya, zimebaki siku kumi na nne. Chumba cha mionzi naingia peke yangu, hilo sina la kufanya. Lakini omba ruhusa kazini, mama, uje ukae pale nje mlangoni.

Baba