Chumvi Aliyoisafisha Paskalina

Jumapili jioni, Aprili. Mvua imekatika sasa hivi. Mlima Kwaraa haujaonekana tangu juzi, mawingu yameukalia, na mtaa wetu wote wa Maisaka unanuka udongo uliolowa. Nimejifunika blanketi miguuni. Viatu nimeviacha nje, vina tope la Bonga mpaka kwenye kamba.

Leo naandika jambo linaloniaibisha.

Mimi ni mwalimu wa fizikia na hesabu. Mwalimu wetu wa kemia alipohamishwa, mkuu wa shule alinikabidhi kemia ya kidato cha sita, "kwa muda tu, Madam." Nilikubali huku nacheka. Nikajiambia, pH si ni namba? Chini ya saba asidi, juu ya saba besi, saba katikati. Namba nazimudu tangu utoto.

Wiki tatu zilizopita tulifika kwenye bafa, yaani mchanganyiko ambao ukiutia asidi kidogo au besi kidogo, pH yake haiyumbi sana. Kitabu kilisema uchanganye asidi dhaifu na chumvi yake. Asidi ya siki ilikuwa imeisha maabara. Nikaona asidi ni asidi bwana, nikachukua haidrokloriki, ambayo ni kali, nikaizimua kwa maji mengi, nikatia chumvi ya mezani. Chumvi yake si ndiyo hiyo? Nikajiona mjanja kweli.

Karatasi za kupimia pH nazo hatuna, kwa hiyo nilitumia maji ya rozela, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi. Kwenye asidi ni mekundu, kwenye besi yanageuka kijani. Nikadondosha besi. Matone machache tu, rangi ikageuka kama vile sikutia chumvi yoyote.

Darasa likainua vichwa. Wote wananitazama mimi.

Ningesema sijui. Neno lenyewe fupi! Badala yake nikakohoa kidogo, nikasema chumvi ya dukani si safi, imetiwa madini joto, ndiyo maana imeharibu. Wanafunzi thelathini na wanane wakainamisha vichwa wakaandika.

Ijumaa, Paskalina akanifuata baada ya kipindi. Ni yule binti mpole anayekaa karibu na dirisha, anayetaka kuwa mfamasia. Akanipa karatasi ya daftari iliyokunjwa. Ndani kulikuwa na chumvi, nyeupe, laini.

"Madam, nimeisafisha. Nimeiyeyusha, nikaichuja kwa kitambaa, nikaichemsha mpaka maji yakaisha. Mara tatu. Jumatatu turudie?"

"Turudie," nikasema. Tena nikatabasamu.

Jana mvua ilinifungia ndani, nikaamua kuijaribu mwenyewe. Nilikuwa nimekuja na kichupa cha ile asidi kali kutoka shuleni. Nikaitia chumvi ya Paskalina na rozela, nikadondosha maji ya magadi haya haya tunayopikia makande. Ikageuka kijani upesi vile vile. Nilijua itageuka, lakini roho iliniuma.

Kisha nikachukua siki. Nikaigawa nusu kwa nusu. Nusu moja nikaitia magadi mpaka povu likaisha, halafu nikairudisha kwenye nusu nyingine, nikaweka rozela. Ikawa na rangi ya waridi iliyofifia, nzuri hiyo. Nikadondosha magadi. Rangi ikabaki. Nikadondosha asidi. Rangi ikabaki. Mama mwenye nyumba akachungulia dirishani akauliza, "Mwalimu, hiyo juisi unakunywa au unaiombea?"

Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye mkeka, kidevu mkononi, naitazama glasi. Mvua inapiga bati. Sijui nilikaa pale muda gani. Nilikuwa kama naota, naziona haidrojeni, zile chembe zinazoifanya asidi iwe asidi, zinatoka, zinarudi, zinatoka tena, na juu ya glasi kumetulia kabisa.

Ndipo nikaelewa, jamani, baada ya wiki tatu za kufundisha! Asidi kali huachia haidrojeni zake zote mara moja, haibakizi kitu, na chumvi yake haina hamu ya kuzipokea tena. Asidi dhaifu huachia chache na kushika nyingi. Ikikaa na chumvi yake, kuna upande wa kutoa na upande wa kupokea. Besi ikija, inapewa haidrojeni. Asidi ikija, haidrojeni zake zinapokelewa. Niliendelea kudondosha magadi mpaka bafa nayo ikashindwa, ikawa kijani. Kumbe ina kikomo. Hilo pia sikuwahi kuwaambia.

Nilifurahi kama mtoto. Halafu wazo baya likaja polepole, tena limevaa vizuri. Kwa nini nisitengeneze bafa nyingine, niimimine kwenye chupa iliyoandikwa haidrokloriki? Jumatatu chumvi ya Paskalina "ingefanya kazi". Darasa lingempigia makofi, yeye angefurahi, na mimi ningebaki Madam anayejua.

Nililiwaza kwa muda mrefu. Nakiri. Nilitafuta hata chupa.

Lakini mwezi wa Mei Paskalina anaingia kwenye mtihani wa taifa. Angeingia na uongo wangu, tena akiwa ameuona kwa macho yake umethibitishwa.

Leo baada ya ibada nikapanda bodaboda mpaka Bonga, nyumbani kwa kina Paskalina. Mama yake alikuwa barazani anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu, karibu. Mtoto amekosa nini?"

"Hajakosa, mama. Niliyekosa ni mimi."

Nikamweleza Paskalina yote, asidi kali, asidi dhaifu, na kwamba siku ile nilidanganya kwa sababu niliona aibu. Akauliza, "Kwa hiyo Madam, hata ningeisafisha mara kumi?"

"Hata mara mia."

Akaangalia mikono yake. Ndipo akasema kwamba alipoisafisha mara ya kwanza aliijaribu mwenyewe maabara saa ya chakula, ikakataa. Akaisafisha tena, ikakataa. Ya tatu hakuijaribu. Aliniletea mimi kwa sababu aliamini mikono yake ndiyo yenye kasoro.

Mama yake akadakia bila kuinua macho kwenye ungo, "Juzi kaniambia heri hiyo famasia aachane nayo, hana akili ya kemia."

Mtoto aliyepima, akapata jibu sahihi mara mbili, akaamini mwalimu kuliko alichokiona. Nilimwambia hivyo hivyo, kwamba yeye ndiye aliyefanya kemia na mimi nilifanya maigizo. Akacheka kidogo, akafuta macho kwa kanga ya mama yake, akaanza kuniuliza kuhusu siki.

Wamebaki thelathini na saba. Kesho kipindi cha kwanza, kabla sijagusa chaki, nitawaambia nilikosea, na kwamba siku ile nilijua kuwa sijui. Naogopa. Lakini naogopa zaidi kitu kingine: ni wangapi kati yao, kimya kimya, wameshajiambia hawana akili ya kemia kwa sababu yangu?