Mchicha wa Kabla ya Kliniki

Mpendwa Mama,

Tangu asubuhi situlii. Nimefagia ua mara mbili, nimeteka maji yasiyohitajika. Kisa ni mafungu matatu ya mchicha yaliyokuwa jikoni. Baba aliyachuma mwenyewe, kwa sababu Alhamisi ni kliniki yake.

Ndiyo, Mama, sasa ni yeye. Mguu ulimvimba, wakakuta damu imeganda ndani, wakampa dawa ile ile yako ya kuzuia damu kuganda.

Wewe na majani hamkupatana kamwe. "Hayo wapeni mbuzi," ulikuwa ukisema, huku ukijivutia sahani ya wali na samaki. Lakini zikibaki siku tatu twende Malindi kupimwa, uliagiza mwenyewe: "Nipikieni mchicha, nisije nikaambiwa sina damu." Baba akichuma, mimi nikipika, nawe ukila umekunja uso kama mtoto anayenyweshwa kwinini. Tulicheka sana. Tulidhani wanapima kama damu inatosha.

Siku ile ya mwisho nesi alikutoboa kidole, akauliza, "Bi mkubwa, chakula ni kile kile cha kila siku?"

"Kile kile, mwanangu."

Nilikuwa nimekaa ubavuni pako. Nilinyamaza, sikutaka kukuumbua mbele za watu.

Kumbe mchicha hupunguza nguvu ya dawa. Walikuta damu yako inaganda upesi, wakakuongezea vidonge. Tukarudi Mambrui, ukarudia wali wako, na vidonge vile vikakuzidi. Fizi zikaanza kutoka damu. Nikasema ni mswaki. Siku ya nne ulilalamikia kichwa, na kabla ya adhuhuri ulikuwa umetutoka.

Haya niliyajua mwezi uliopita, nesi alipokuwa akimweleza Baba kwamba mboga si mwiko, ila kiasi kisibadilike badilike. Baba alikuwa akihangaika na viatu vyake, hakusikia. Mimi nilisikia kila neno, nikakaa nalo. Ningemwambiaje kwamba mikono iliyochuma ni yake na iliyopika ni yangu? Najichukia kwa kunyamaza mara ya pili.

Mchana huu nimemwambia. Alikuwa na kisu mkononi, akikata mashina. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mamako alijua?"

"Hapana, Baba."

"Na mimi sikujua."

"Hukujua."

Alikiweka kisu chini. Kisha akasema, "Alhamisi umwambie nesi yote, nami nikiwepo. Na asiwaulize watu chakula cha kila siku. Awaulize wamekula nini tangu Jumatatu."

Nimelia, Mama. Nilitaka anigombeze, hakunigombeza, na hilo ndilo linalonizungusha uani hadi sasa.

Mchicha ameubeba wote, akawapelekea mbuzi.

Lala salama, Mama, na unisamehe.

Ni mimi mwanao, niliyekaa ubavuni pako.