Mashine Mpya ya Santuri za Mama

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi wazima kiasi chetu. Mama yako anakula na analala, ila mkono wa kulia haujaamka tangu apatwe na kiharusi. Kusema ndiyo hivyo, hasemi. Lakini nikiweka santuri zake za ujana anaimba nazo, maneno yote, mwanzo hadi mwisho. Santuri ikiisha, kimya. Daktari anasema kuimba na kusema ni milango miwili tofauti, tuendelee kugonga huu wa kwanza huenda na wa pili ukafunguka. Basi nagonga asubuhi na jioni, mwanangu, na nimechoka.

Mashine yenyewe imezeeka kutuzidi. Mkanda wake ulikatika zamani, nikaweka lastiki ya kiuno cha sketi, si unajua fundi cherehani kama mimi hakosi lastiki. Inazunguka, lakini mwimbaji anasikika kama mtu aliyekurupushwa usingizini. Fundi redio ananishauri ninunue mpya. Mimi nasema mashine mpya ya nini kwa wazee wawili? Wewe unaonaje? Nakuomba ushauri tu, usije ukafanya vituko vyako.

Baba yako

21 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini hamjambo. Mimi mzima, miguu tu inalalamika. Hoteli imejaa, na huku kwenye chumba cha kufulia mashuka yamefika dirishani. Napiga pasi hadi naota mashuka.

Umeomba ushauri, haya pokea: mashine inanunuliwa. Nimeshaomba zamu ya pili. Kama kuimba ndiyo dawa ya Mama, hatuwezi kumpa dawa iliyochakaa. Siko hapo kumgeuza kitandani wala kumlisha, Baba. Niachie hili moja, na usinibishie.

Binti yako

30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mzigo umefika salama. Mashine inang'aa, majirani wamekuja kuitazama kama bibi harusi. Sauti safi kabisa, unamsikia hata mwimbaji akivuta pumzi. Mama yako anasikiliza kwa utulivu. Ahsante, Mungu akuzidishie. Sina mengi, macho yananisumbua.

Baba yako

12 Juni

Shikamoo Baba,

Macho yanaendeleaje? Barua yako nimeisoma nimesimama, nikairudia nimekaa. Umeandika Mama anasikiliza. Hujaandika anaimba. Wewe hata kifungo kikipotea unajaza ukurasa, leo mistari imekuishia? Niambie, Mama anaimba au haimbi? Usinifiche kwa kuwa niko mbali. Kuwa mbali kunachosha, na kufichwa kunachosha zaidi.

Binti yako

29 Juni

Mwanangu,

Macho hayana kitu, nilikudanganya. Mama yako haimbi.

Kumbe ile lastiki ilikuwa imelegea, nyimbo zikawa zinakwenda taratibu, na yeye akawa anazifikia. Tumezizoea hivyo miaka mingi, nikasahau kwamba sivyo zilivyorekodiwa. Hii mpya inazipiga kwa mwendo wake halisi. Mama yako akifungua mdomo, neno la kwanza analipata, la pili limeshapita. Baada ya siku chache akaacha hata kufungua. Nimeigeuza mashine huku na huku nitafute pa kuitia lastiki, haina. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi nikaogopa kukwambia, maana najua umesimama kwenye pasi kwa ajili yake. Nikawa nakaa naye tu, tunasikiliza hiyo sauti safi. Iliniuma sana.

Juzi niko jikoni nachemsha maziwa, santuri inapiga, nikasikia kofi. Natoka, namkuta ameupiga mkono wa kiti kwa mkono wake wa kushoto, ameikodolea mashine macho, mkali kama zamani. Akasema, "Wanakimbilia wapi hawa?"

Amesema, mwanangu! Haukuwa wimbo, yalikuwa maneno yake mwenyewe. Maziwa yote yamemwagikia jikoni, na mimi nimesimama mlangoni nalia kama mtoto.

Nikarudisha ya zamani, jioni akaimba. Kusema hajasema tena. Sasa hii mpya niifanyeje? Nimpe mtu? Au fedheha hii nikurudishie mwenyewe?

Baba yako

16 Julai

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Barua yako nimeisomea kwenye benchi nje ya chumba cha kufulia, wenzangu wakadhani nimefiwa. Nilipowaambia mama yangu amesema, wakashangilia hadi msimamizi akatoka na miwani yake kuuliza kulikoni.

Nilikasirika kidogo kwa kunificha, halafu nikachoka kukasirika. Zamu ya pili nimeiacha. Swali la Mama nililibeba siku nzima nikipiga pasi, nikaona linanihusu na mimi.

Mashine usimpe mtu. Ya zamani iwe ya kumwimbisha. Mpya iwashe mara mojamoja, kaa pembeni, umwache aigombeze, huenda hasira ndiyo ufunguo wa ule mlango wa pili.

Na siku ukimwona amechangamka, mwambie binti yake bado hajarudi nyumbani. Atakayonisema yote niandikie, Baba, hata yakiwa makali. Usinipunguzie hata neno.

Binti yako