Usitume Tena Sanamaki

Morogoro, nyuma ya stesheni
12 Ramadhani 1329

Mpendwa kaka Abasi,

Shikamoo. Habari za Daressalam, na saumu inakwendaje huko bandarini na mizigo ile? Mimi mdogo wako ni mzima, na mwanangu Kibwana ameanza kutembea. Lakini mama si mzima, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Tangu mwezi ulipoandama mama hakupata choo. Futari mihogo, daku mihogo, na maji unamjua, hayapendi. Siku ya tano akafungua ule mfuko wa sanamaki uliomletea kwa gari moshi, akachemsha majani konzi nzima. Tumbo likafunguka. Nikashukuru, nikadhani yamekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza. Akanywa na kesho yake, na kesho kutwa, siku sita mfululizo, anasema kitu cha mwanangu wa kwanza hakibakishwi. Usiku maji hagusi, eti yanaipoza dawa, na mchana amefunga. Juzi akaanguka kwenye mswala, midomo mikavu, miguu imemkaza, moyo unamwenda mbio. Nililia, sikufichi.

Nikayachukua majani mpaka kwa Vinubhai dukani, maana naye huyauza. Nilipomtajia kiasi akanikaripia mimi, kana kwamba ni mimi niliyekunywa. Alisema sanamaki ni kidogo tu wakati wa kulala, na maji mengi. Zikipita siku mbili tatu mtu aache, la sivyo utumbo unazoea kusukumwa. Anayeumwa tumbo sana au kutapika asiiguse kabisa. Na kabla ya yote ajaribu maji, papai na mboga za majani. Akanionya mama akizimia tena nimkimbize kwa daktari, nisikae kungoja.

Mwalimu wa msikitini amemruhusu kula mchana, siku zake atazilipa akipona. Jana alikunywa uji na maji kidogo, kwa shida, ananiambia mtoto niliyekuzaa mimi leo unifundishe dini? Mimi hanisikilizi. Wewe anakusikiliza.

Jana hiyo hiyo mtu uliyemtuma alishuka garini na mfuko mwingine wa sanamaki. Nikampokea mlangoni, nikauficha ndani ya pumba. Mama akauliza ni nani. Nikasema hakuna mtu. Nimesema uongo nami nimefunga, kaka. Tangu hapo amegeukia ukutani, anasema Abasi amenisahau.

Nakusihi usitume tena sanamaki. Mume wangu Mwinjuma anakusalimu, na shangazi Mwajuma pia. Mola akupe nguvu na akuepushe na mizigo ya kukuvunja mgongo.

Tuma tende, kwa gari la kwanza utakaloliwahi, na umwandikie kwamba azile mchana, na maji. Zikiwa zako atazimaliza.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaasha