Matenga Hayapiti Juu

Nassoro, usikate simu, nimempiga mtu. Nimempiga mpaka meno yamemtoka.

Ni yule mlinzi wa lile daraja la vioo, la kupitisha watu juu ya barabara hapa stendi. Yule yule aliyemzuia Winfrida wangu na tenga lake la nyanya, eti atachafua vigae. Mke wangu akapita chini, lori likamsaga.

Leo nimekuja na tenga langu, nikamwambia napita. Unajua alisema nini? Akacheka! "Mtani wangu, matenga hayapiti juu. Pita chini ukamsalimie mkeo."

Ukamsalimie mkeo! Nassoro, utani huo hata msibani hausemwi.

Nikambamiza kwenye kioo, kikapasuka. Damu imejaa kwenye hivyo vigae vyao. Analia, "Mtani nisamehe, wakubwa ndio walioniagiza." Wakubwa! Wao wanapita humo hawanyeshewi wala hawagongwi.

Mlango nimeung'oa. Akina mama wanapita sasa hivi na matenga kichwani, wanairuka miguu yangu.

Sikimbii. Nimekaa katikati ya daraja, juu ya pale alipolala Winfrida. Polisi waje. Ila waje na hao wakubwa.